Ukisema "Nimo": Vidokezo 13 vya Kuvaa, na Kumvisha Mwenzako, Miwani ya Uhalisia Pepe

Bibi yangu alikunja vidole vya miguu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwetu, Izia, mjini Sumbawanga, amejifunga kanga na kuvaa sweta juu yake, maana ilikuwa Juni na baridi ya Ufipa haibembelezi mtu. Machoni alishika boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, na ndani yake simu yangu. Simu ilikuwa na picha ya digrii 360 niliyoipiga kwa kamera ya kuazima ukingoni mwa maporomoko ya Kalambo, pale maji yanapoanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Bibi alipoinamisha kichwa kutazama chini, vidole vilijikunja ndani ya ndala, kisha miguu yote miwili ikarudi chini ya kiti. Mkono wa kulia ukakamata kiti. "Nishike," akasema. Na papo hapo, bila kuondoa boksi usoni, akauliza kama maharage yamekwisha kuepuliwa.

Alijua kabisa kwamba yuko sebuleni. Miguu yake haikujua.

Lugha yetu ina bahati hapa. Tunasema nipo, niko, nimo, na kila moja lina mahali pake. Wataalamu wa uhalisia pepe wamehangaika kwa zaidi ya miaka 30 kupima kile ambacho Kiswahili hukisema kwa silabi mbili: ile hatua ambapo mtu anaacha kusema "naona" na mwili wake unasema "nimo". Mel Slater, mmoja wa watafiti wakubwa wa jambo hili, hutenganisha vitu viwili. Kuna kuzamisha, ambako ni kazi ya chombo: upana wa picha, kasi yake, jinsi inavyofuata kichwa. Na kuna kuwamo, ambako ni hisia ya mtu mwenyewe. Chombo utakipima kwa rula na saa. Kuwamo utakuona kwenye vidole vya miguu. Vidokezo vinavyofuata nimevikusanya kwa kuwavisha ndugu na majirani, na vingi havihitaji zaidi ya simu ya kawaida na boksi.

1. Jaribu simu kabla ya kununua boksi

Fungua video yoyote ya digrii 360 kwenye YouTube, shika simu mbele yako, kisha zunguka nayo. Picha ikizunguka pamoja nawe, simu yako ina jairoskopu, yaani kihisi kinachojua simu imeelekea wapi. Ikibaki palepale mpaka uisukume kwa kidole, simu hiyo haitakufaa, hata kama kioo chake kinang'aa namna gani.

Usidharau jaribio hili la nusu dakika. Mwaka 2016 James Cummings na Jeremy Bailenson walikusanya tafiti zaidi ya 80 na kuzilinganisha ili kujua ni nini hasa kinachomfanya mtu ahisi yumo. Picha kufuata mwendo wa kichwa, kila jicho kupata picha yake, na upana wa kile unachokiona vilikuwa na uzito kuliko ubora wa picha yenyewe. Kwa hiyo boksi la bei ndogo kwenye simu inayofuata kichwa litamfikisha mtu mbali kuliko kioo cha fahari kinachochelewa.

2. Lenzi, nywele na usafi

Kwa mtu mzima wa kawaida, kutoka mboni moja hadi nyingine ni kama milimita 63, lakini nyuso zinatofautiana. Kama lenzi zinasogezwa, zisogeze mpaka maandishi yaache kuwa mawili. Mikanda ya miwani mingi haikutengenezwa kwa kilemba, wala kwa rasta zilizofungwa juu. Mwache mtu ashike boksi kwa mikono badala ya kumvuruga kichwa.

Kisha futa. Kila baada ya mtu mmoja, futa pale panapogusa uso. Mwanzoni mwa 2024 tuliona jinsi ugonjwa wa macho mekundu ulivyosambaa nchini, na kifaa kinachopita usoni kwa watu kumi mchana mmoja ni njia nzuri ya kuusambaza. Mwenye macho yanayouma asubiri siku nyingine.

3. Eleza kila kitu kabla ya kumvisha

Jina la mji wetu, kama wenyeji wanavyolieleza, linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Sote tunajua utani unaotupata kwenye basi tukitaja tunakoshuka. Ndiyo maana nakuomba usimwambie mzee, "Leo nakurusha kwa ungo." Nchi hii imeona wazee, hasa akina mama, wakipigwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Neno la utani likitoka sebuleni kwako linaweza kufika mtaa wa tatu likiwa si utani tena.

Mwonyeshe simu kwanza, nje ya boksi. Ataona picha mbili pembeni kwa pembeni, zinazofanana lakini si sawasawa. Mwambie afumbe jicho la kushoto, kisha la kulia, atazame kidole chake kikihama mbele ya ukuta: ndivyo macho yake yanavyofanya kila siku, na ubongo huunganisha. Hofu kwamba maelezo yataharibu utamu haina msingi. Bibi alieleweshwa yote hayo na bado akakunja miguu. Kuwamo hakutegemei kudanganywa.

4. Mkalishe, na usianze na bembea

Kiti kisicho na magurudumu, na nafasi ya kunyoosha mikono pande zote. Hiyo ya kwanza.

Ya pili ni tumbo. Aliyeshuka kwa gari mteremko wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Bonde la Rukwa huku akisoma ujumbe kwenye simu anajua ninachosema. Sikio la ndani linauambia ubongo kwamba tunayumba, kona baada ya kona. Macho yaliyotulia kwenye simu yanasema tumesimama. Mashahidi wawili hawakubaliani, na tumbo ndilo linalolipa. Kwenye miwani mambo hugeuka: macho yanasema tunakwenda kasi, sikio linasema tumekaa. Matokeo ni yaleyale.

Kwa hiyo video za magari ya kasi na bembea za kutisha, ambazo vijana hupenda kumwekea mgeni ili wamcheke akipiga kelele, ndizo mbaya kabisa kuanza nazo. Chagua picha ambayo kamera imesimama. Dakika tano zinatosha mara ya kwanza. Mate yakijaa mdomoni, miayo ikianza, jasho jembamba likitoka kwenye paji la uso, afumbe macho na avue hapo hapo. Asivumilie, anayevumilia hubaki na kichefuchefu mpaka jioni na hatavaa tena. Mwenye kifafa asivae bila ushauri wa daktari.

Na simu ikipata moto, ipumzishe. Mafundi wa vifaa hivi hulenga picha ifuate kichwa kwa chini ya milisekunde 20. Simu iliyochoka huchelewa, macho yakaona, tumbo likajua.

5. Usiache boksi juani

Lenzi zile ni sawa na kioo cha kuwashia moto. Jua la dirishani likizipata sawasawa litaunguza kioo cha simu.

6. Chagua pa kwenda, na jihadhari na mahali mtu anapopajua

Vya bure vipo. Google iliweka kwenye Street View picha za kilele cha Kilimanjaro mwaka 2013, na mwaka 2014, kwa kushirikiana na Taasisi ya Jane Goodall, ikaweka njia za msituni Gombe, mkoani Kigoma, kwenye mwambao wa Tanganyika hii hii tunayoijua sisi kwa Kasanga na Kirando. Kutoka Nairobi kuna kazi za wasanii zilizotengenezwa kwa ajili ya uhalisia pepe tangu mwanzo: *Nairobi Berries* ya Ng'endo Mukii, na *Let This Be a Warning* ya The Nest Collective, zote za mwaka 2017. Ukizipata, zivae. Hizo si filamu zilizopanuliwa. Zimetungwa kwa mtu anayegeuza kichwa. Pakua mapema penye intaneti nzuri, maana video ya digrii 360 hula bando kwa fujo.

Sasa onyo. Nilidhani mtu atazama haraka zaidi mahali anapopajua. Sivyo nilivyoona. Kaka yangu nilipomwekea picha ya mtaa wetu alianza kukagua: bango lile liliondolewa, mti ule ulikatwa. Alikuwa hakimu, si msafiri. Gombe, ambako hajawahi kufika, alinyamaza na kutazama juu kwenye matawi. Na bibi, kule Kalambo, baada ya kutulia aliuliza, "Mbona sisikii baridi ya maji usoni?" Nilicheka, nikasema simu haina maji. Sikumuuliza amejuaje kwamba pale ukingoni maji hukurushia baridi usoni.

7. Mpe mguu kitu cha kukanyaga

Hiki ndicho kidokezo kinachogharimu kidogo na kuzaa kikubwa. Mwaka 2002 Michael Meehan na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, walichapisha utafiti wa chumba chenye shimo. Unavaa miwani, unafungua mlango wa chumba cha pili, na sakafu haipo: chini yako, kama mita 6, kuna chumba kingine. Unatembea kwenye ukingo mwembamba. Hakuna shimo la kweli, unakanyaga sakafu ya maabara. Mapigo ya moyo yalipanda hata hivyo. Kisha wakaweka ubao wa kweli sakafuni, wa unene usiofika sentimita 4, mahali penye ukingo wa kwenye picha, ili nyayo zihisi ncha yake. Mapigo yakapanda zaidi.

Tafuta kipande cha ubao. Mdogo wangu wa kidato cha nne alikuwa ametazama Kalambo akiwa amekaa, akasema mbona kawaida tu. Nikamsimamisha, vidole vikichungulia nje ya ubao, mimi nimemshika bega. Alipotazama chini aliomba aguse fremu ya mlango, akabaki ameikamata mpaka mwisho.

Mwenye presha usimfanyie hivi. Na anayesimama asiachwe peke yake hata kwa sekunde unayoitumia kujibu simu ya mtu mwingine.

8. Ulimwengu usioitikia salamu haukaliki

Nilirekodi video ya dakika nne sokoni kwa ile ile kamera ya kuazima. Niliiweka juu ya meza ya mama anayeuza migebuka, watu wakapita, mama akapanga samaki, mara moja akainua macho na kutazama kamera, kisha akaendelea na kazi. Nyumbani niliona ni video safi sana. Nikamvisha bibi.

Yule mama alipoinua macho, bibi akamsalimu. "Habari za leo, mama?" Mama akainama kupanga samaki. Bibi akasubiri, akapandisha sauti: "Habari za leo?" Kimya. Boksi likashuka usoni, bibi akanirudishia. "Huyu hanioni," akasema, na siku hiyo hakutaka tena.

Picha haikuwa na kosa. Kichwa kilifuatwa vizuri, sauti ilikuwepo. Kilichovunjika kina jina. Katika makala yake ya mwaka 2009 Slater alieleza kwamba kuwamo kuna sehemu mbili: kuhisi kwamba mahali hapa nipo, na kuhisi kwamba haya yanayotokea yanatokea kweli. Ya kwanza hubebwa na macho na shingo. Ya pili hubebwa na mambo yanayokujibu wewe. Ulimwengu unaweza kuwa umechorwa kama katuni, na bado ukakubeba, mradi unakujibu. Na unaweza kuwa picha halisi ya soko unalolijua ukakutupa nje kwa kukupita kama hewa.

Slater na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha nguvu ya kujibiwa mwaka 2006. Walirudia kwa uhalisia pepe jaribio maarufu la Stanley Milgram la miaka ya 1960, ambamo mtu huagizwa kumpiga mwenzake shoti ya umeme kila anapokosea jibu. Safari hii aliyepigwa alikuwa mwanamke wa kwenye kompyuta, wa kuchorwa, na kila mshiriki alijua hilo. Lakini alilalamika, alisihi, aliwatazama. Waliomwona na kumsikia walipata msongo uliopimika mwilini, na baadhi yao waliacha kabla ya mwisho. Walimjua kuwa si mtu, na hawakuweza kuendelea.

Kwetu huhitaji maabara kwa hili. Mtoto akisema shikamoo, anasubiri marahaba. Ile nafasi katikati ya maneno hayo mawili ndiyo mlango: ukiitikiwa umeingia, usipoitikiwa uko nje. Mtafiti wa London au Barcelona angehitaji kurasa kadhaa kufafanua kitu ambacho bibi alikipima kwa salamu moja.

Nikarudi sokoni. Nilimweleza mama wa migebuka, naye akalipenda wazo. Tuliishusha kamera iwe usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kwa sababu anayetazama atakuwa amekaa. Ikiwa juu mno atajihisi jitu, ikiwa chini mno atajihisi mtoto. Mama akaitazama lenzi, akasema, "Karibu, mama. Habari za nyumbani?" Akahesabu moyoni mpaka tano, huku akiendelea kuitazama lenzi kwa upole. Kisha akaitikia kwa kichwa, akasema, "Haya, tunashukuru. Leo nina migebuka mizuri." Bibi alimjibu vizuri kabisa ndani ya zile hesabu tano. Halafu akauliza bei. Ukirekodi video yako mwenyewe, ziache hizo hesabu tano. Zina thamani kuliko kamera mpya.

9. Mkono wa glovu, bila umeme wala simu

Kabla hujawapa watoto wa shule miwani, wape hiki. Chukua glovu ya mpira, ijaze mchanga au vitambaa mpaka ifanane na mkono. Mtoto akae mezani, mkono wake wa kweli ufichwe nyuma ya kipande cha boksi, glovu iwekwe mbele yake ikiwa imelala vile ambavyo mkono wake ungelala. Funika kwa kitenge kuanzia bega lake hadi kwenye kiganja cha glovu, ili jicho lisione kiungo kilipokatika. Sasa chukua miswaki miwili mipya na ipapase glovu na mkono uliofichwa kwa wakati mmoja, kidole kilekile, mwelekeo uleule. Usiongee. Dakika mbili, tatu, wengine mpaka kumi.

Wengi watakuambia wanausikia mswaki kwenye glovu. Pitisha ghafla kijiko juu ya glovu kana kwamba utaigonga, uone mkono uliofichwa unavyoruka. Kisha rudia, ila sasa papasa kwa kupishana, glovu kwanza na mkono baadaye. Hisia inakufa. Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walilichapisha jaribio hili mwaka 1998 katika jarida la *Nature*, na tangu hapo ni vigumu kuzungumzia kuwamo bila kulitaja. Linaonyesha kwamba hata "mkono wangu" ni uamuzi ambao ubongo huufanya kila wakati, kwa kulinganisha jicho na ngozi. Nimewaona watoto wa darasa la sita wakiitazama mikono yao wenyewe baada ya hapo kwa adabu mpya kabisa.

10. Sauti kwanza, na usimguse bila kumwambia

Mvua ya masika juu ya bati ikisikika kwenye spika za masikioni, mtu atainua uso kutafuta paa kabla hajaona wingu. Weka spika za masikioni, zima redio, funga mlango. Pikipiki ikipita barabarani wakati mtu yuko msituni Gombe, msitu hutoweka mara moja. Slater na Anthony Steed waliwahi kupendekeza kwamba tuhesabu hizo nyakati za kutoweka, maana ni rahisi kuzihesabu kuliko kuhesabu kuwamo kwenyewe.

Na sauti peke yake yaweza kumfanya mtu awemo. Wasikilizaji wa mechi ya Simba na Yanga redioni hupiga teke hewani mpira ukiwa mita 18 kutoka golini.

Mkono wa ghafla begani ni mbaya kuliko pikipiki. Sema kwanza: "Ni mimi, nakushika bega la kushoto." Kisha mshike.

11. Mtoto akivua, mwulize alikuwa amekaa wapi

Mwaka 2009 Kathryn Segovia na Bailenson, wa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha utafiti ambamo watoto walijiona kwenye uhalisia pepe wakiogelea na nyangumi. Baadaye baadhi ya watoto wa shule ya msingi walikumbuka jambo hilo kama lililowatokea kweli. Watengenezaji wengi huweka umri wa chini kwa sababu mbalimbali. Meta, kwa mfano, ilikuwa na miaka 13, na mwaka 2023 ikashusha hadi 10 kwa akaunti zinazosimamiwa na mzazi. Mimi wadogo zaidi nawapa glovu ya mchanga, inawatosha. Wanaovaa, nawauliza wakivua: kiti kilikuwa cha rangi gani, nani alikushika bega, ulinusa nini? Wakijibu "harufu ya maharage", najua wamerudi.

12. Kuvaa maisha ya mtu si kumjua mtu

Mwaka 2015 ilitoka *Clouds Over Sidra*, video ya digrii 360 ya msichana wa miaka 12 katika kambi ya Zaatari, Jordan. Chris Milk, mmoja wa walioitengeneza, alikiita chombo hiki mashine ya kuzalisha huruma, na maneno hayo yakaenea. Nimeitazama, nikalia. Lakini sitaki tudanganyane. Sidra haoni kwamba nipo; ananipita kama yule mama wa migebuka alivyompita bibi. Kwa dakika nane nilikuwa kwake, naye hakuwa kwangu.

Na sisi wa kanda hii tuna njia fupi zaidi. Katumba na Mishamo zimo mkoani Katavi, ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Rukwa yetu. Huko wapo watu ambao wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972, na wengi wakapata uraia wa Tanzania mwaka 2014. Wapo wanaofanya biashara na kuoa na kuolewa miongoni mwetu. Ukiguswa na video ya kambi, vua, kisha kamtafute mmoja wao umsalimu. Huyo ataitikia.

13. Akirudi, nyamaza, na uwe na daftari

Usimpokee mtu kwa "Umeonaje? Umeonaje?" Mpe dakika tatu. Miguu ikanyage sakafu, kikombe cha chai kiwe mkononi, aone dirisha. Wengine huona chumba kama si chenyewe kwa muda mfupi, na hilo hupita wakiachwa.

Bibi hutazama viganja vyake. Huvigeuza, hupangusa kanga magotini, hutazama mlango. Mara ya mwisho alipotoka Kalambo alikaa hivyo mpaka chai ikaanza kupoa. Nami nilinyamaza, kwa bahati. Kisha akasema kwamba alipokuwa msichana alipita kule na mama yake, kwa miguu, wakienda kwa ndugu upande wa Mbala, na kwamba walilala njiani siku mbili kwa sababu mama alikuwa na homa. Akaeleza ni nani aliyewapa unga wa ulezi. Akataja jina la mtoto aliyekuwa amebebwa mgongoni, jina ambalo katika familia yetu sikuwahi kulisikia.

Nilikuwa sina karatasi. Siku hizi daftari na kalamu vinakaa ndani ya boksi lilelile, chini ya lenzi.